Fungueni Daftari la Bunduki, Muache Porojo za Chipu

Haya basi wasomaji wangu, leo sina somo la kuandika programu. Leo nina jambo linalonikereketa, na nitalisema kama lilivyo.

Kila bunduki ya serikali inapopotea, au mwananchi anapopigwa risasi na aliyempiga asijulikane, hakosi kutokea mtu wa kutuambia kwamba dawa ni chipu. Weka chipu kwenye kila bunduki! Itaonekana kwenye ramani kama vile teksi inavyoonekana kwenye simu! Watu wanapiga makofi, muuzaji wa mitambo naye anaanza kunoa penseli ya kuandika tenda.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Riziki yangu inatokana na watu kuamini kwamba tarakilishi inaweza kutatua matatizo. Kwa hiyo ninaposema kwamba chipu hii ni porojo, sisemi kwa kuwa ninaogopa teknolojia. Ninasema kwa sababu ninaijua. Tena ninasema kwamba porojo hii ina madhara, kwa kuwa inatusahaulisha kitu rahisi ambacho kingefanya kazi kesho asubuhi, na ambacho wakubwa hawakitaki.

Tuanze.

Maswali matatu, si moja

Mtu akisema "kufuatilia bunduki kwa elektroniki" muulize kwanza anataka kujua nini. Kuna maswali matatu hapa na watu huyachanganya kama githeri:

1. Bunduki hii iko wapi sasa hivi?
2. Bunduki hii ilikuwa mikononi mwa nani siku ile, saa ile?
3. Risasi hii ilitoka kwenye bunduki gani?

Swali la kwanza linahitaji chipu, GPS, betri na mtandao. La pili linahitaji daftari. La tatu linahitaji maabara.

Sasa niambie, ndugu msomaji: mpelelezi anapokwenda mahakamani na kesi ya mauaji, hakimu humuuliza swali gani? Hamuulizi bunduki iko wapi sasa hivi. Anamuuliza la pili na la tatu. Nani alikuwa nayo, na je, ndiyo iliyoua? Swali la kwanza ni tamu kwenye runinga kwa sababu lina ramani yenye vidoti vyekundu. Maswali mawili yanayofunga kesi hayana ramani, na kwa hiyo hayana mfadhili.

Kwa nini kidoti chekundu hakitaonekana

Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,000 hivi juu yetu. Mawimbi yake yakifika chini ni hafifu mno, kiasi kwamba paa la bati au ukuta wa zege unatosha kuyaharibu. Bunduki yenyewe ni kipande cha chuma. Antena inayolaliana na chuma husikia vibaya, na bunduki iliyofungwa kwenye gunia, ikatiwa ndani ya sanduku la bati, haitasikia kitu kabisa. Mwizi hahitaji shahada ya uhandisi. Anahitaji karatasi ya kufungia chipsi, ile ya kumetameta.

Tuje kwenye betri. Chukua betri ndogo ya mAh 500, inayoweza kuingia kwenye kishikio. Tuseme kila ripoti inachukua nusu dakika, chipu ya GPS na modemu ya simu zikila wastani wa mA 120. Hiyo ni mAh 1 kwa kila ripoti. Ukituma ripoti moja kila saa, unakula mAh 24 kwa siku. Betri inakwisha baada ya siku 20, na hapo sijahesabu modemu inayohangaika kutafuta mtandao, hali ambayo hula umeme zaidi. Nani ataichaji? Yule aliyeiiba?

Halafu ripoti moja kwa saa ni nini? Kwa saa moja mtu wa bodaboda ameshatoka katikati ya Nairobi akafika Thika. Ukitaka ripoti kila dakika, zidisha matumizi mara 60 na betri inakufa kabla ya siku moja kwisha.

Ongeza mshtuko wa kufyatua risasi, joto la mtutu, mafuta ya kusafishia, vumbi na mvua. Ongeza pia kwamba mahali ambapo serikali inalia zaidi kuhusu bunduki haramu, kama Bonde la Suguta na mapango ya Baringo, ndipo hata wewe ukienda na simu yako hupati mtandao. Mwezi wa Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa Baragoi walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Bunduki ikichukuliwa mahali kama hapo, itampigia nani simu?

Kuna na chipu za RFID, zisizo na betri, ambazo huamshwa na kifaa cha kusoma. Hizi ni nzuri, na nitazirudia. Lakini zinasomwa kwa sentimita chache au mita chache. Haziko kwenye ramani yoyote. Anayekuuzia RFID na kukuambia utaona bunduki ikitembea Kayole huku umeketi ofisini anakudanganya peupe.

Kifaa cha kupeleleza hupendwa na nani?

Sasa tuache fizikia, tuje kwenye tabia za watu. Nchi hii ina uzoefu mkubwa wa vifaa vya kufuatilia.

Kuanzia mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya kupita. Kontena likitoka Mombasa linafungwa kufuli ya elektroniki yenye GPS, na wakubwa wa forodha wanaliona njia nzima. Mfumo huo unafanya kazi. Kwa nini? Kontena ni kubwa, kufuli inafungwa nje penye anga, safari ina mwanzo na mwisho, na kufuli inarudishwa ikachajiwe. Zaidi ya yote, mwenye mzigo anataka ifanye kazi, maana ikizimika analala njiani na kuulizwa maswali.

Upande wa pili kumbuka vidhibiti mwendo vya matatu. Sheria za marehemu Michuki zilitoka mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 2004. Kila matatu ikawekewa kifaa. Haukupita muda, mafundi wakajua waya wa kukata. Kifaa kipo, stika ipo, na matatu inapaa. Kwa nini? Kwa sababu anayekibeba hafaidiki kikifanya kazi.

Kanuni ni hii, iandike ukutani: kifaa cha kufuatilia hudumu pale tu anayekibeba anapata hasara kikizimika. Mwizi wa mifugo anapata hasara gani akiing'oa chipu? Na afisa aliyekodisha bunduki ya serikali kwa majambazi usiku, naye anapata hasara gani?

Simu yako ina GPS, ina modemu, inachajiwa kila siku na ina nambari ya IMEI inayojulikana na kampuni ya simu. Ikinyakuliwa dirishani mwa matatu, huwa unaipata? Kama hatupati simu, ambayo iliundwa toka mwanzo ijitangaze ilipo, tutapataje AK-47 iliyoundwa kabla baba zetu hawajaoa?

Wenzetu wenye pesa wamefika wapi

Kuna wanaosema, "Wewe ni mshamba, Marekani wameshafanya." Haya, twende Marekani.

Mwaka 2021 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba jeshi la Marekani lilipoteza au kuibiwa silaha zisizopungua 1,900 katika miaka ya 2010. Hilo ndilo jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani. Baadhi ya vikosi vyake vilikuwa vimetia RFID kwenye bunduki ili kurahisisha hesabu ghalani. Wakosoaji, wakiwemo watu wa ndani ya jeshi lenyewe, wakaonya kwamba adui mwenye kifaa kizuri anaweza kuisikia chipu hiyo kutoka mbali kuliko inavyodhaniwa, akajua askari walipo. Kwa hiyo hata pale ambapo chipu inafaa, inafaa mlangoni mwa ghala. Porini inageuka kengele shingoni mwa askari.

Bastola za akili je? Mwaka 2014 kampuni ya Kijerumani ya Armatix ilijaribu kuuza Marekani bastola isiyofyatuka mpaka iwe karibu na saa maalumu ya mkononi. Mwaka 2017 mdukuzi mmoja akaonyesha hadharani kwamba sumaku za bei ya chakula cha mchana zinatosha kuifungua bila saa.

Jimbo la Maryland nalo liliamua mwaka 2000 kukusanya ganda la risasi la kila bastola mpya inayouzwa, ili ganda likipatikana penye mauaji lilinganishwe. Wakakusanya maganda zaidi ya 300,000, wakatumia mamilioni ya dola, na mwaka 2015 wakaufuta mpango huo bila kuwa umetatua kesi hata moja. Nitaeleza baadaye kwa nini ulishindwa, maana sababu yake ni somo la hifadhidata.

Na bunduki ikiokotwa penye uhalifu Marekani, hutafutwa vipi? Nambari yake hutumwa katika kituo cha shirika la ATF kilichoko Martinsburg, West Virginia. Wafanyakazi wanauliza kiwanda, kiwanda kinasema kilimuuzia nani, wanauliza duka, na kadhalika. Rekodi za maduka yaliyofungwa zipo hapo kwa mamilioni, lakini sheria hairuhusu zitafutwe kwa jina la mwenye bunduki. Kwa hiyo watu wanafunua kurasa moja moja kwa macho yao. Nchi iliyotuletea Google! Teknolojia wanayo tele. Wanasiasa wao ndio walioamua kwamba rekodi isitafutike.

Shika hilo neno: waliamua isitafutike. Maana na sisi tuko papo hapo, kwa njia nyingine.

Herufi nne zilizoshinda chipu

Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Mtafiti alikusanya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji na kusoma alama zilizopigwa kwenye matako ya risasi. Basi. Hakuwa na satelaiti. Alikuta kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wetu wenyewe. Nyingi zilikuwa na herufi KOFC, za kiwanda chetu cha risasi kilichoko Eldoret.

Soma tena taratibu. Herufi nne kwenye kitako cha risasi zilitueleza zaidi kuliko ambavyo chipu yoyote ingetueleza. Bunduki inaishi miaka 50, inarithiwa, inafichwa shimoni. Risasi inatumika mara moja, kisha mtu lazima atafute nyingine. Ukitaka kujua mto unatoka wapi, usiifuate mitumbwi. Fuata maji.

Brazil walijua hili. Sheria yao ya mwaka 2003 inataka risasi zinazouziwa polisi zipigwe alama ya fungu. Diwani Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro tarehe 14 Machi 2018, maganda yaliyookotwa yalionyesha fungu UZZ-18, lililouziwa polisi wa shirikisho mwaka 2006. Papo hapo nchi nzima ikajua risasi zimevuja kutoka ghala la serikali. Lakini kulikuwa na kasoro: fungu lile lilikuwa na risasi zaidi ya milioni moja, nyingi kupita kiasi kilichowekwa, kwa hiyo haikuwezekana kubana mpaka kituo kimoja. Somo ni wazi. Alama inafanya kazi, na kadiri fungu lilivyo dogo ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi.

Sisi tuna kiwanda cha risasi Eldoret. Aprili 2021 tukazindua kiwanda cha bunduki Ruiru, kilichotangazwa kuwa na uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Tumetia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka kila silaha ya serikali ipigwe alama. Makao ya RECSA, shirika la kanda linaloisimamia itifaki hiyo, yako hapa hapa Nairobi. Hatuna kisingizio.

Ningeunda nini mimi?

Nisije nikaambiwa ninalalamika tu bila kutoa jibu. Huu hapa mfumo, bure, sitaki tenda.

*Kwanza, daftari la mwendo wa silaha liwe la kidijitali.* Daftari lenyewe lipo tayari. Bunduki ikitoka ghalani huandikwa nambari yake, jina la afisa, idadi ya risasi, saa na sahihi. Tatizo ni kwamba kwenye vituo vingi ni kitabu cha karatasi. Ukurasa huchanika, chai humwagika, na kitabu huwa "hakionekani" mara tu mpelelezi anapokihitaji. Weka RFID kwenye kitako cha bunduki na kifaa cha kusoma mlangoni mwa ghala. Hapo ndipo chipu ina kazi, kwa umbali wa sentimita chache, bila betri. Inachofanya ni kumzuia mtunza ghala asikosee nambari.

*Pili, hesabu risasi.* Afisa ametoka na risasi 30, amerudi na 27. Tatu ziko wapi? Hii ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili, na ni ushahidi mzito kuliko ramani yoyote.

*Tatu, kila bunduki ya serikali ifyatuliwe risasi mbili kabla ya kutolewa, maganda yahifadhiwe, na zoezi lirudiwe kila inapofanyiwa ukarabati.* Utasema, "Si hicho ndicho kilichowashinda Maryland?" Hapana. Maryland walikuwa wanatafuta ganda moja ndani ya laki tatu, kwenye bastola za wanunuzi halali, huku wahalifu wakitumia nyingine. Ni kama kutafuta "Kamau" kwenye hifadhidata ya nchi nzima. Sisi tungekuwa na daftari. Swali linakuwa: kati ya bunduki 40 zilizotoka ghala hili siku ile kati ya saa nne na saa kumi, ni ipi? Hilo ni swali la mistari mitatu ya SQL, halafu maabara inalinganisha 40 badala ya 300,000.

*Nne, fungu dogo la risasi, lenye alama, kwa kila kaunti.* Kiwanda ni chetu, na mashine za kupiga alama ni zetu.

*Tano, na hii ndiyo moyo wa yote: daftari lisiwe mikononi mwa polisi peke yao.*

Nieleze hii ya tano vizuri, kwa kuwa ndiyo inayowatia watu kiwewe. Kila rekodi ndani ya daftari ipigiwe hashi, yaani ule muhtasari wa herufi na tarakimu ambao hubadilika kabisa ukibadilisha hata nukta moja kwenye maandishi. Kila rekodi ibebe ndani yake hashi ya rekodi iliyotangulia, kama mnyororo. Usiku saa sita, kila kituo kitume hashi ya mwisho kwa IPOA, kwa Mahakama na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Hashi ya SHA-256 ina herufi 64. SMS moja inabeba herufi 160. Maana yake ni kwamba hata kituo kisicho na intaneti kinaweza kutuma, kwa bei ya SMS moja kwa usiku!

SMS hiyo haitoi siri yoyote. Huwezi kujua kutoka kwenye hashi ni maafisa wangapi wako zamu wala wana silaha gani, mradi kila rekodi imetiwa nambari ya nasibu ndani yake. Lakini mahakama ikiagiza daftari la Juni lifunguliwe, hashi inahesabiwa upya. Ikilingana na ile iliyotumwa usiku ule, daftari halijaguswa. Isipolingana, kuna mtu amebadilisha, na ana maswali ya kujibu.

Programu hii mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale chuoni anaiandika kwa muhula mmoja. Ninasema kweli.

Kama ni rahisi, mbona haipo?

Hapa ndipo tuambiane ukweli. Nchi hii ilishajifunza kwamba shida huwa haiko kwenye mtambo. Huwa iko kwa mwenye haki ya kusoma kilichomo.

Mwaka 2017 tulinunua mitambo ya uchaguzi kwa mabilioni. Upinzani ukapaza sauti, "Fungueni seva!" Mahakama ya Juu ikaagiza ifunguliwe, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi wa urais ukafutwa. Mtambo ulikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuangalia. Mwaka 2022 tume hiyo hiyo ikaweka picha za fomu 34A kwenye wavuti, na kila mwenye kompyuta akajumlisha mwenyewe nyumbani kwake. Mabishano hayakuisha, lakini safari hii watu walibishana wakiwa na karatasi zile zile mbele yao.

Bunduki ni hivyo hivyo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60 vilivyohusishwa na maandamano yaliyoanza Juni 2024. Kwa kila aliyepigwa risasi, bunduki ilitoka kwenye ghala fulani, ikabebwa na mtu fulani, ikarudi na risasi pungufu. Habari hizo, kama ziliandikwa, zipo. Si siri za anga za juu. Ziko kwenye kitabu, juu ya meza, kituoni.

Tarehe 17 Juni 2025 Boniface Kariuki, kijana muuza barakoa, alipigwa risasi kichwani katikati ya Nairobi mchana kweupe, akafariki tarehe 30. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Nchi ilijua kwa sababu kamera zilikuwa zinanasa. Sasa jiulize kuhusu yule aliyepigwa kwenye kichochoro ambako hakukuwa na kamera. Yeye anategemea daftari peke yake. Na kama bunduki ilikuwa ya aina ya shotigani, ambayo ndani ya mtutu wake ni laini na haiachi mikwaruzo kwenye vipande vya risasi, hata maabara haina la kusema sana. Daftari ndilo shahidi pekee aliyebaki.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inataka afisa aliyevaa sare aonyeshe jina lake au nambari yake. Hiyo ni teknolojia ya kitambaa na uzi. Nyote mliona mwaka 2024 watu wenye silaha wakiwa na nguo za raia na nyuso zimefunikwa. Mtu anayekataa kitambaa chenye nambari utamshawishi vipi akubali chipu? Na kama hatutaki kusimamia kitambaa, tunanunua chipu ya nini?

Ndiyo maana ninaiita chipu porojo. Ni njia ya kuonekana unafanya kitu. Chipu ni mradi. Ina tenda, ina semina Naivasha, ina awamu ya kwanza na ya pili, na ikishindwa inalaumiwa betri. Daftari halina tenda nono. Daftari lina majina. Mkuki kwa nguruwe mtamu: bunduki ya mfugaji ifuatiliwe kwa satelaiti, lakini ya kituoni isiulizwe hata ilirudi na risasi ngapi.

Mtanipinga hivi

"Daftari la kidijitali pia linaweza kuandikwa uwongo." Kweli kabisa. Mtunza ghala anaweza kuandika jina la Otieno bunduki akiwa amempa Mutiso. Lakini lazima aamue kudanganya kabla, siku ile ile, akiwa hajui nini kitatokea jioni. Leo anaweza kungoja mpaka baada ya mauaji, akaona upepo unavumia wapi, ndipo akaandika. Tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

"Na bunduki haramu je, zisizo kwenye daftari lolote?" Small Arms Survey ilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa hazifiki hata moja kati ya hamsini. Hizo hakuna chipu itakayoziingia, maana mwenyewe hatakuletea uiweke. Zinafuatiliwa kwa risasi, kama tulivyoona Turkana, na kwa kuandika kila inayokamatwa: nambari, mahali, alama. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 kule Ngong, moto ukapendeza kwenye picha. Swali langu ni moja: kabla ya kuchomwa, nambari na alama za kila moja zimewekwa mahali ambapo mpelelezi wa leo anaweza kuzitafuta? Bunduki iliyokamatwa ni ushahidi wa njia iliyopitia. Ukiichoma bila kuisoma, umechoma ushahidi.

"Hii ni siri ya usalama wa taifa." Nimeshaonyesha kwamba hashi haivujishi kitu. Anayekataa hata hashi hana wasiwasi na adui. Ana wasiwasi na hakimu.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mkisikia tena neno chipu, ulizeni maswali mawili tu kabla hamjapitisha pesa. Betri inachajiwa na nani? Na nani, asiye polisi, ataruhusiwa kusoma rekodi? Muuzaji atababaika kwa la kwanza. Kwa la pili, angalieni ni nani mwingine chumbani atakayeanza kutazama dari.

Ni hayo kwa leo. Wenzangu mnaoandika programu, kama kuna aliye na njia bora kuliko ile ya hashi kwa SMS, niandikie hapo chini tuichambue. Na kama kuna aliye na betri ya miaka hamsini, huyo namtaka haraka sana, simu yangu inakaribia kuzima.